Nusu Saa Yako na Siku Sita Zake: Hotuba kwa Walimu Wanaofundisha Watoto Piano Nyumbani

Walimu wenzangu, na hasa ninyi mnaojiandaa kupokea wanafunzi wa kwanza sebuleni kwenu,

Mtoto anayekuja kwako Jumanne kwa nusu saa hatakuona tena mpaka Jumanne ijayo. Katikati hapo ana siku sita, naye katika siku hizo yuko peke yake na piano, au hayuko nayo kabisa. Vidole vitajifunza zaidi huko kuliko kwako, kwa sababu huko ndiko kwenye marudio. Mwalimu anayepima somo kwa jinsi mtoto alivyopiga vizuri dakika ya 29 anajidanganya. Cha kujiuliza ni hiki: Alhamisi jioni, wewe haupo, mtoto huyu atakaa kwenye kiti na kufanya nini hasa?

Tuanze na ala, maana makosa mengi hununuliwa dukani kabla mwalimu hajaulizwa. Piano kamili ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Mtoto wa miaka sita hahitaji vyote. Oktava nne au tano (oktava moja ni vibonye 12 mfululizo, vyeupe na vyeusi) zinamtosha mwaka mzima wa kwanza. Asichoweza kukikosa ni uzito wa kibonye. Kwenye piano ya nyuzi, kibonye hushuka kama milimita 10, na huhitaji uzito wa takriban gramu 50 ili kianze kushuka. Kibodi nyepesi ya springi haina uzito huo, na nyingine hutoa sauti ileile iwe umegusa taratibu au umegonga. Mtoto akifanya mazoezi wiki nzima juu ya kibodi hiyo, akija kwako baadhi ya nota hazitoki, nyingine zinatoka kwa kishindo, naye anaamini amesahau wimbo. Wewe nawe unaandika daftarini kwamba hakufanya mazoezi. Wote wawili mmekosea.

Kwa hiyo mwambieni mzazi mapema, tena kwa maandishi, vitu vinne: vibonye vyenye uzito na nyundo ndani yake, sauti inayobadilika kwa kadiri ya mguso, pedali nzito isiyoteleza sakafuni, na stendi isiyotikisika. Stendi ya umbo la X ni rahisi kukunja lakini huyumba mtoto akianza kupiga kwa nguvu, na magoti hugonga mahali pa kuikaza. Familia yenye kibodi ndogo tu isifukuzwe. Mpokeeni mtoto, lakini msimpe kazi ya nyumbani inayodai sauti kubwa na ndogo, kwa kuwa mnamwomba kitu ambacho ala yake haiwezi. Kisha elewaneni na mzazi juu ya mwisho wa muda huo. Mpaka mzuri ni pale mtoto anapoanza kupiga mikono miwili pamoja kwa uhakika.

Piano yako mwenyewe, kama ni ya nyuzi, ina nyuzi kama 230 zilizovutwa kwa nguvu ya tani nyingi juu ya ubao wa mbao. Ubao huo hunywa unyevu wa hewa ukavimba, na sauti ikapanda. Hewa ikikauka ubao husinyaa na sauti ikashuka. Nota hazipandi na kushuka kwa kiasi kimoja, ndiyo maana piano huanza kusikika chachu katikati kabla ya pembeni. Unyevu wa hewa chumbani ukae kati ya asilimia 40 na 60, piano isikae dirishani penye jua wala mbele ya kiyoyozi, na fundi aityuni mara mbili kwa mwaka, nota A iliyo juu ya C ya kati (ile C iliyo karibu na katikati ya kibodi) ikiwa herzi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Sikio la mtoto halina kitu kingine cha kulinganisha. Piano yako ikiwa imeporomoka, yeye ataichukua kama ndiyo sahihi.

Kuhusu kiti nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Mtoto akikaa, kiwiko kiwe sawa na uso wa vibonye au juu yake kidogo, na mkono kutoka kiwiko hadi kifundo ulale sawasawa. Akae nusu ya mbele ya kiti. Umbali upimwe hivi: anyooshe mikono na kukunja ngumi, na ngumi ziguse ubao ulio nyuma ya vibonye bila yeye kuinama. Mwisho, miguu isining'inie. Miguu ikining'inia, mwili hutafuta pa kujishikia. Mgongo hukaza, mabega hupanda, na mkazo huo hushuka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mwalimu huona kifundo kigumu akaanza kukirekebisha, kumbe tatizo liko kwenye nyayo. Wekeni kibao cha kukanyagia, kigumu, kisichoteleza. Mto laini wa kukalia nao haufai, kwa kuwa mtoto huzama na kimo kinabadilika kila anaposogea; tumieni ubao au mkeka mzito wa povu.

Na hapa ndipo siku sita zinapoingia. Nyumbani kwao mtoto atakalia kiti cha kulia chakula. Katika somo la kwanza chukueni futi, pimeni tofauti ya kimo kati ya kiti na uso wa vibonye, pimeni kibao cha miguu kinapaswa kuwa chini ya kiti kwa sentimita ngapi, na andikeni tarakimu hizo ukurasa wa kwanza wa daftari la mtoto. Mzazi akipewa tarakimu atatafuta ubao. Akiambiwa tu "akae vizuri" atatikisa kichwa na kusahau. Pimeni upya kila baada ya miezi mitatu au minne, maana watoto hawakui kwa ratiba yetu.

Jambo moja la lazima kabla hatujagusa muziki: mlango wa chumba cha somo ubaki wazi, au mzazi awepo. Na kabla ya kushika mkono wa mtoto ili kuurekebisha, ombeni ruhusa, au bora zaidi muonyesheni kwa mkono wenu wenyewe. Hilo halina mjadala.

Sasa mkono. Vidole vina namba, gumba ni 1 na kidole cha mwisho ni 5, kwa mikono yote miwili, hivyo magumba mawili hutazamana. Mtoto aliyewahi kujifunza fidla atachanganyikiwa, kwani huko kidole cha shahada ndicho 1; muulizeni mapema. Ili kupata umbo la mkono, mwambieni asimame na kuiachia mikono ining'inie pembeni. Vidole hujikunja vyenyewe kidogo. Umbo hilohilo linyanyuliwe na kuwekwa juu ya vibonye. Msiseme "kunja vidole". Mtoto akisikia hivyo hufanya makucha, kucha zinagonga vibonye, na mkono mzima unakaza. Kucha zenyewe zikatwe, na hili mzazi ahimizwe tena na tena.

Kasoro tatu mtaziona kila siku. Gumba likilala lote juu ya kibonye hadi ukingo wa kiganja, mkono wote unaporomoka. Gumba lipige kwa pembeni mwa ukucha. Kifundo kikishuka chini ya vibonye, vidole vinafanya kazi ambayo mkono ulipaswa kuifanya. Ya tatu ndiyo inayowasumbua walimu zaidi: kiungo cha mwisho cha kidole kinachobonyea ndani. Kwa watoto wadogo viungo ni laini na kubonyea huko ni kwa kawaida, kwa hiyo msifanye vita. Mpeni mtoto kazi ya kidole cha 3 pekee, ncha ya gumba ikikiegemeza kwa upande wa kiganja mpaka vidole hivyo viwili vifanye duara, na mkono uangushwe kutoka hewani kwa uzito wake wenyewe, nota moja baada ya nyingine. Wiki chache za hivyo, kisha kidole cha 2, kisha cha 4. Vidole vya 4 na 5 vikilazimishwa mapema ndivyo vinavyofundisha mkono kukaza.

Somo la kwanza lianzie kwenye vibonye vyeusi. Vimepangwa mafungu ya viwili na vitatu, na mtoto anayeyaona mafungu hayo tayari ana ramani: C iko kushoto mwa fungu la viwili, F kushoto mwa fungu la vitatu. Vidole vya 2, 3 na 4 hutua juu ya fungu la vitatu bila kujikunyata. Mtoto apige mafungu yote ya viwili kutoka sauti za chini, kushoto, hadi za juu, kulia, mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, halafu ya vitatu. Kisha mfundisheni kwa kumwonyesha, bila kitabu, kiitikio kifupi cha vibonye vyeusi, nanyi mpige sehemu ya pili. Asitoke mlangoni bila kitu cha kupiga kinachosikika kama muziki. Akifika kwao ataulizwa "umejifunza nini?" na jibu lake linapaswa kuwa la vidole.

Kusoma nota kuna mtego wake. Vitabu vingi huweka magumba yote mawili kwenye C ya kati na kuyaacha hapo kwa miezi. Mtoto anaonekana kusoma vizuri sana, lakini anachosoma ni namba za vidole. Mpimeni: mwambieni aanze wimbo uleule kwa kidole cha 2 badala ya cha 1. Akipotea kabisa, hajui nota, anajua vidole. Tiba ni kutoandika namba juu ya kila nota. Andikeni ya nota ya kwanza na mahali mkono unapohama, basi. Kisha mpeni vigingi vitatu: C ya kati, G kwenye mstari wa pili kutoka chini kati ya mistari mitano ya nota, ambako ufunguo wa G (alama inayoandikwa mwanzoni mwa mistari) hujizungusha, na F kwenye mstari wa nne kutoka chini, katikati ya nukta mbili za ufunguo wa F. Kutoka kwenye kigingi asome umbali. Mstari kwenda nafasi inayofuata ni hatua moja, mstari kwenda mstari unaofuata ni kuruka nota moja. Muulizeni "inapanda, inashuka, au inabaki palepale?" kabla ya kumuuliza jina. Vibandiko vya herufi juu ya vibonye mimi sivipendi hata kidogo: jicho la mtoto huhama kutoka kitabuni kwenda vidoleni na halirudi tena.

Mapigo yaingie mwilini kwanza. Atembee na kupiga makofi akihesabu kwa sauti, ndipo aguse piano. Nota ya robo ni pigo moja, nota ya nusu ni mapigo mawili, nota nzima ni manne. Kosa la kawaida kuliko yote ni nota ya nusu kukatwa. Sababu yake iko kwenye ala: sauti ya piano huanza kufifia mara tu inapopigwa, basi mtoto akishaisikia anadhani kazi imeisha. Mfundisheni kwamba nota ya mapigo mawili inaachiliwa anaposema "tatu", haiachiliwi anaposema "mbili". Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, isubiri mpaka mtoto aweze kuhesabu mwenyewe bila kuyumba, kisha ianzie mapigo 60 kwa dakika, na itumike kukagua. Mtoto asiyeweza kuhesabu hatafundishwa na mlio wa mashine. Ataupuuza tu, kama sisi tunavyopuuza mlio wa saa ya ukutani.

Nafika kwenye kiini. Daftari la kazi likiandikwa "ukurasa wa 12, mazoezi", mtoto hana alichoambiwa. Atafanya anachofanya kila mtoto: ataanza mwanzo, atakwama kipimo cha tano (kipimo ni ile sehemu iliyo kati ya mistari wima miwili), atarudi mwanzo kwa mbio, atakwama tena palepale. Akifanya hivyo mara kumi, vipimo vinne vya kwanza vimepata marudio kumi ambayo havikuyahitaji, na kukwama kwenyewe kumepata marudio kumi. Kukwama kumekuwa sehemu ya wimbo. Somo lijalo mtamwona anasita palepale hata kama nota anazijua.

Basi daftari liseme: "Anza kipimo cha 5. Mkono wa kulia, vipimo 5 na 6, ishia kwenye nota ya kwanza ya kipimo cha 7. Polepole, mara tatu mfululizo bila kosa. Kisha mkono wa kushoto vivyo hivyo." Ile nota ya kwanza ya kipimo kinachofuata msiiache nje. Watoto wengi hawakwami ndani ya kipimo, hukwama kwenye mstari wa kuvuka, kwa sababu hapo ndipo kila zoezi lilipokuwa likiishia na mkono haujawahi kufundishwa kuvuka. Kwa hesabu ya mara tatu, tumieni vifungo vitatu vya shati upande wa kushoto wa piano. Kila marudio safi, kifungo kimoja kinahamia kulia. Akikosea, mtoto mkubwa anarudisha vyote. Wa miaka sita anarudisha kimoja tu, la sivyo atalia. Na "polepole" iwe na maana: mwendo sahihi ni ule ambao hakosei ndani yake. Akikosea mara mbili mfululizo, ama ni haraka mno ama kipande ni kirefu mno. Apunguze kimoja kati ya hivyo.

Mikono miwili iunganishwe pale kila mmoja unapoweza kupiga huku mtoto akihesabu kwa sauti. Asipoweza kuhesabu, akili bado imejaa. Aunganishe kipimo kimoja. Kikishindikana, mkono wa kulia upige na wa kushoto ugonge mapigo yake juu ya goti, kisha abadilishe.

Lakini kuandika hakutoshi. Dakika kumi za mwisho za somo, nyamazeni. Mwambieni mtoto: "Sasa ni Alhamisi, mimi sipo. Fungua daftari ufanye mazoezi." Kaeni kando mtazame. Mtagundua haraka ni nani hawezi kusoma mwandiko wenu, nani anaruka mkono wa kushoto, nani anaanza mwanzo licha ya yote. Rekebisheni namna ya mazoezi, wimbo uacheni. Najua dakika kumi katika thelathini zinauma, na wazazi wengine hudhani hamfundishi. Waelezeni. Dakika ishirini zilizobaki zinatosha: chache za kupasha vidole, wimbo wa wiki iliyopita ukipigwa wote bila kukatizwa, kosa moja tu lililochaguliwa kurekebishwa, na kipande kipya.

Muda wa nyumbani? Miaka mitano na sita, dakika 10. Saba hadi tisa, 15 hadi 20. Kumi na zaidi, nusu saa. Siku tano kwa wiki, saa ileile, ikifungwa kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila siku. Dakika 10 kwa siku tano zinashinda saa nzima ya Jumatatu usiku kabla ya somo, na hata mtoto mwenyewe huona tofauti.

Mzazi wa mtoto wa chini ya miaka minane akae karibu wakati wa mazoezi, asome daftari kwa sauti, ahamishe vifungo, asirekebishe nota. Sauti ya "umekosea!" kutoka chumba cha pili imewaondoa watoto wengi kwenye piano. (Mzazi mwenye kujua muziki ndiye mgumu kumzuia.) Wala mazoezi yasiwe adhabu ya utundu. Kuhusu malipo nitasema kwa kifupi: yawe ya mwezi au muhula, yalipwe mwanzoni, na karatasi iseme wazi taarifa ya kutokuja itolewe saa ngapi kabla na masomo mangapi yanafidiwa kwa muhula. Malipo ya somo kwa somo humfanya mwalimu ategemee mvua na mafua.

Kila mtoto awe na nyimbo tatu kwa wakati mmoja: ngumu inayochukua wiki nne hadi sita, nyepesi ya wiki moja, na ya zamani anayoipenda. Ile ya zamani ndiyo itakayomkalisha kwenye kiti siku asiyotaka. Wimbo mgumu ukipita wiki ya saba bila kukaa sawa, uacheni bila kuomba radhi; mlichagua juu ya uwezo wake.

Mkiandaa onyesho dogo, watoto sita au saba na dakika 30 zinatosha, wadogo watangulie. Wimbo uwe umekamilika wiki tatu kabla. Wekeni alama za vituo vitatu kwenye nota, na katika wiki hizo mtoto ajizoeze kuanzia kila kituo. Akipotea mbele ya watu aruke kwenda kituo kinachofuata, kamwe asirudi nyuma, kwa kuwa akirudi atapita tena palepale alipopotelea. Andikeni kimo cha kiti cha kila mtoto kwenye orodha ya ratiba ili mkirekebishe haraka kati ya mmoja na mwingine. Akikaa, aweke mikono magotini na kuhesabu kipimo kimoja kizima kimoyomoyo kwa mwendo wa kipande kilicho kigumu zaidi ndani ya wimbo. Asipofanya hivyo ataanza kwa mwendo wa woga, na sehemu ngumu ikifika vidole haviwezi kuifuata. Wimbo mpya uanzishwe wiki mbili kabla ya onyesho, hata kama ni vipimo vinne tu, ili siku ya baada ya onyesho daftari liwe na kazi ya kufanya.